Pawa saplai ya kompyuta yako ya kwanza ya gemu: soma mstari wa volti 12 kabla ya kulipa

Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake akiwa ameshakata tamaa nayo. Aliiunda mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, kwa miezi kadhaa, na kwa kazi za kawaida haikuwa na shida: inawaka, inafungua mafaili, inaonyesha video. Akianzisha gemu, picha zinapoanza kuwa nzito tu, kioo kinakuwa cheusi na mashine inajiwasha upya. Alikuwa ameshabadilisha RAM. Alikuwa ameshafuta Windows na kuiweka upya mara mbili. Kadi ya grafiki aliipeleka ikapimwe, akaambiwa ni nzima, na kweli ilikuwa nzima.

Nilifungua ubavu wa keisi nikamulika stika ya pawa saplai, kile kiboksi kinachoilisha kompyuta umeme, kwa tochi ya simu. Juu, kwa maandishi makubwa: wati 600. Chini, kwenye jedwali la herufi ndogo ambalo wengi hawalisomi: +12V, 28A, yaani volti 12, ampea 28. Zidisha 12 kwa 28 unapata wati 336. Kadi yake ilikuwa RTX 3070, ambayo kiwango chake ni wati 220. Prosesa yake Ryzen 5 5600, ambayo hufika wati 76. Hizo ni wati 296 kabla hujahesabu mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), feni na diski, na kadi kama hiyo huruka juu ya kiwango chake mara nyingi kwa vipindi vifupi mno. Pawa saplai ilikuwa inazidiwa, basi inakata umeme. Zile wati 600 za juu zilikuwa za kuuzia.

Kila ninapoombwa ushauri na mtu anayeunda mashine yake ya kwanza, naanzia kwenye stika ile. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Chagua kwanza kadi na prosesa

Huwezi kujua pawa saplai unayoihitaji kabla hujajua itamlisha nani. Kwenye kompyuta ya gemu walaji wakubwa ni wawili, kadi ya grafiki na prosesa. Vingine vyote ni makombo.

Kwa kadi, tafuta kiwango cha matumizi kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: RTX 4060 ni wati 115, RTX 4070 ni 200, RX 7800 XT ni 263, RTX 4090 ni 450, na RTX 5090 ni 575. Kadi zilizoongezwa kasi kiwandani zinaweza kuzidi namba hizo, kwa hiyo angalia toleo lile lile unalonunua, usiishie kwenye jina la familia yake.

Kwa prosesa kuna mtego. Namba inayoandikwa kubwa, ile ya wati 65 kwa mfano, si kiwango cha juu. Ryzen 5 7600 inaitwa ya wati 65 lakini inaruhusiwa kuvuta mpaka 88. Core i5-12400 nayo inaitwa ya wati 65, ila ikikaza kasi inafika 117. Core i9-14900K imeandikwa 125 na inapanda mpaka 253. Chukua namba ya juu kila mara.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Tuseme umechagua RTX 4070 na Ryzen 5 7600. Kadi 200, prosesa 88. Kwa mazabodi, RAM, diski na feni weka wati 60, zinatosha kwa mashine ya kawaida. Jumla 348.

Usinunue ya 350. Zidisha jumla yako kwa 1.5: hapo unapata 522, kwa hiyo pawa saplai nzuri ya wati 550 inatosha, na ya 650 inakaa kwa raha. Nyongeza hiyo ina kazi tatu. Inabeba miruko ya kadi, inaiacha pawa saplai ifanye kazi karibu na nusu ya uwezo wake, ambako huwa tulivu na haipotezi umeme mwingi, na inakuachia nafasi ya kuweka kadi kubwa zaidi baadaye.

Watengenezaji wa kadi nao hupendekeza wati za pawa saplai nzima. Kwa RTX 4070 wanasema 650. Mapendekezo hayo yamewekwa juu kidogo makusudi, kwa sababu hawajui una prosesa gani wala pawa saplai ya ubora upi. Hesabu yako ikitofautiana kidogo na yao, usihangaike. Ikitofautiana sana, rudia hesabu.

Wengine wananiuliza kama pawa saplai ya wati 1000 itawapandishia bili. Haipandishi. Wati zilizoandikwa ni uwezo wa juu, na kompyuta huvuta inachohitaji tu. Mashine ya wati 350 itavuta 350 hata ukiifungia ya 1000. Utakachokuwa umepoteza ni pesa ambayo ingekupatia kadi bora.

Hatua ya 3: Soma stika, mstari kwa mstari

Hapa tutulie kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoumia.

Umeme unaotoka ukutani ni mkondo geu. Pawa saplai inaugeuza kuwa mkondo mnyoofu na kuugawa katika volti kadhaa, na stika inaonyesha mgawo huo. Utaona +3.3V na +5V: hizi zinalisha vipande vidogo vya mazabodi, diski na matundu ya USB. Utaona -12V, ambayo siku hizi haina kazi ya maana. Utaona +5VSB, ule umeme mdogo unaobaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa, ili kitufe cha kuwashia kisikie kidole chako. Halafu kuna +12V.

Kadi ya grafiki inalishwa na volti 12. Prosesa inalishwa na volti 12, kisha mazabodi inaishusha hadi karibu na volti 1 palepale pembeni ya prosesa. Feni nazo ni volti 12. Kwa hiyo mtu akikuambia ana pawa saplai ya wati kadhaa, swali la kumuuliza ni: ngapi kati ya hizo ziko kwenye volti 12?

Zidisha ampea za mstari huo kwa 12. Pawa saplai nzuri ya wati 650 itaonyesha karibu ampea 54, yaani wati 648. Maana yake karibu uwezo wake wote unaweza kwenda kwenye volti 12, na hivyo ndivyo zinavyojengwa zile za kisasa. Ukikuta ya wati 650 yenye ampea 30, unanunua pawa saplai ya wati 360 iliyovaa namba ya mwingine. Nyingine hujaza jumla yao kwa +5V na +3.3V kubwa ambazo kompyuta ya leo haina pa kuzipeleka.

Angalia pia kama mstari umegawanywa: +12V1, +12V2. Usijumlishe ampea zake ukadhani ndiyo jibu. Ikiwa kila mmoja ni ampea 20, hiyo haimaanishi una 40. Tafuta kisanduku kinachoonyesha wati za juu za volti 12 zote kwa pamoja. Mara nyingi kiko chini ya jedwali. Kisipokuwepo, au stika ikiwa haina ampea kabisa, rudisha boksi ulipolikuta.

Picha ya stika hupatikana kwenye mtandao kabla hujanunua. Tafuta jina kamili la modeli, ikuze picha, fanya hesabu ukiwa umekaa kwako bila muuzaji wa kukuharakisha.

Hatua ya 4: Hesabu plagi

Karibu kila pawa saplai ina plagi ya pini 24 ya mazabodi, hiyo usiiwazie. Kwa prosesa unahitaji plagi ya pini 8, inayokuja kama vipande viwili vya pini 4. Mazabodi kubwa huwa na tundu la pili la prosesa. Kwa prosesa ya kawaida moja inatosha.

Kadi ndiyo inayohitaji macho. Tundu la mazabodi ambamo kadi imechomekwa linatoa mpaka wati 75. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Ndiyo maana kadi ya wati 263 huja na matundu mawili ya pini 8. Plagi za kadi zimegawanywa pini 6 na 2, wala si 4 na 4. Nasisitiza hili kwa sababu plagi ya prosesa na ya kadi zinafanana kwa mbali, lakini chanya na hasi zimepishana. Maumbo ya pini yametengenezwa ili zisiingiliane. Ukiona plagi inagoma, usiisukume kwa nguvu. Itoe, usome kilichoandikwa ubavuni.

Kadi yenye matundu mawili ipe kebo mbili, kila moja ikitoka kwenye pawa saplai peke yake. Kebo nyingi zina plagi ya pili inayoning'inia mwishoni, na kwa kadi ndogo hiyo haina neno, ila kwa kadi nzito unazilazimisha nyaya zilezile kubeba mzigo wa watu wawili.

Usikubali kiunganishi kinachogeuza plagi ya diski, ile bapa ya SATA, kuwa plagi ya kadi. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ya ampea 1.5. Jumla ni wati 54. Kadi itaomba zaidi ya hapo kupitia plastiki nyembamba, na plastiki itaanza kulainika. Kama pawa saplai yako haina plagi ya kadi, imeshakuambia yenyewe kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya gemu.

Kadi nyingi mpya hutumia plagi moja ya pini 16, yenye pini 12 kubwa na 4 ndogo, inayoweza kupitisha hadi wati 600. Toleo la kwanza linaitwa 12VHPWR. Mwishoni mwa 2022 zilianza kuonekana picha za plagi hizo zikiwa zimeyeyuka kwenye RTX 4090, na sababu moja kubwa iliyobainika ni plagi kutoingia hadi mwisho. Mwaka 2023 likaja toleo lililorekebishwa, 12V-2x6, ambalo pini zake ndogo zimefupishwa ili kadi igome kuvuta umeme mwingi kama plagi haijakaa sawa. Unaponunua mpya leo kwa ajili ya kadi ya namna hiyo, chagua pawa saplai yenye plagi hii tayari na iliyoandikwa ATX 3.1, au angalau ATX 3.0. Viwango hivi vinadai pawa saplai yenye plagi hiyo ihimili mruko wa mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Ile mashine ya kijana wangu ingeshukuru sana.

Hatua ya 5: Pima ubora

Nembo ya 80 PLUS imekuwepo tangu 2004 na ina madaraja: nyeupe, Bronze, Silver, Gold, Platinum, Titanium. Inapima kitu kimoja, ufanisi: kati ya umeme unaovutwa ukutani, ni kiasi gani kinafika kwenye kompyuta. Kwa kipimo cha volti 115, Bronze hufikisha angalau asilimia 85 ikiwa kwenye nusu ya mzigo, Gold asilimia 90. Mashine yetu ya wati 350 ikiwa na ufanisi wa asilimia 90 itavuta ukutani wati 389. Ikiwa na asilimia 80 itavuta 438. Zile 49 zinazozidi unazilipia na zinakurudia kama joto.

Lakini nembo hiyo haikuambii kama pawa saplai itajizima salama ikipata shoti, wala feni yake ina kelele kiasi gani. Zipo Bronze nzuri na zipo Gold za wasiwasi. Kwa mashine ya kwanza, Bronze iliyosifiwa na wapimaji wanaozifungua na kuzitesa inanipa usingizi kuliko Gold ya jina lisilojulikana.

Unapozisoma tathmini hizo tafuta vitu hivi. Kinga: dhidi ya volti kuzidi, volti kupungua, mzigo kuzidi, shoti na joto. Zote tano, hasa ya joto, ambayo hurukwa kwenye zile za bei ya chini. Kapasita, vile vikopo vidogo vya ndani vinavyohifadhi chaji, zilizopimwa kwa nyuzi 105 badala ya 85, kwa sababu joto ndilo linalozimaliza. Waranti: mtengenezaji anayetoa miaka 7 au 10 anajua ameweka nini ndani, anayetoa mwaka mmoja naye anajua.

Ya mitumba sishauri kwa mashine ya kwanza, isipokuwa unajua umri wake na ilikotoka. Kadi iliyotumika unaweza kuipima ukaridhika. Kapasita zilizochoka huwezi kuziona kwa nje.

Hatua ya 6: Hakikisha inaingia

Keisi nyingi huchukua pawa saplai ya umbo la ATX, yenye upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Urefu ndio unaobadilika, kuanzia milimita 140 kwenda juu, na keisi huandika urefu wa mwisho inaoukubali. Keisi ndogo sana hutaka umbo dogo zaidi, SFX. Zenye kebo za kuchomoa hurahisisha kupanga nyaya, lakini si lazima.

Hatua ya 7: Angalia umeme wa ukutani

Pawa saplai nyingi za kisasa hupokea kati ya volti 100 na 240 zenyewe. Ukiona kiswichi chekundu kidogo nyuma kilichoandikwa 115 na 230, simama. Kiweke sawa na umeme wa mahali ulipo kabla ya kuchomeka chochote. Kikiwa kwenye 115 na ukuta ukatoa 230, utasikia mlio mmoja na kazi itakuwa imeisha.

Kama unatumia UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, soma wati zake badala ya VA. UPS ya VA 1000 mara nyingi hutoa karibu wati 600 tu.

Hatua ya 8: Ifunge na uijaribu

Keisi ikiwa na matundu ya hewa chini, feni ya pawa saplai itazame chini, ivute hewa ya nje. Kama keisi itakaa juu ya zulia, geuza feni itazame juu.

Kama kebo zako ni za kuchomoa, tumia zile tu zilizokuja kwenye boksi lake. Upande wa kadi na diski plagi zimesanifishwa, upande wa pawa saplai hazijasanifishwa. Kebo ya mtengenezaji mwingine, hata ya toleo jingine la mtengenezaji yuleyule, inaweza kuingia vizuri kabisa kisha ikapeleka volti 12 mahali palipotegemea 5. Diski inakufa papo hapo, na picha zako zinaenda nayo. Nimeshaona mtu amepoteza diski mbili kwa kebo moja aliyoitoa kwenye droo.

Plagi ya pini 16 isukume mpaka usione pengo lolote kati yake na kadi, na usiikunje karibu na mdomo. Acha sentimita 3 au 4 ziende zimenyooka. Usifungue boksi la pawa saplai lenyewe kwa sababu yoyote. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukiwa umechomoa waya.

Swichi ya nyuma iweke upande wa I, kisha bonyeza kitufe. Feni ya pawa saplai isipozunguka usiogope. Nyingi husubiri mzigo ufike kiwango fulani. Ingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio kabla mfumo haujawaka, uone prosesa na RAM zimeonekana, weka mfumo na programu za kadi, halafu fungua gemu nzito kuliko zote ulizonazo na ucheze saa nzima.

Ikijizima ghafla, fungua Event Viewer ya Windows utafute Kernel-Power namba 41. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilikatika bila kuzimwa kwa utaratibu, halimtaji mkosaji. Zima, chomoa waya wa ukutani, toa na ukaze upya plagi za kadi na prosesa moja moja, kisha ujaribu tena ukiwa umepunguza kikomo cha wati za kadi kwa asilimia 20 kwenye programu yake. Ikitulia kwa kikomo cha chini na kuanguka kwa kikomo cha kawaida, chukua tochi urudi kwenye stika.